Cherehani Iliyoamsha Viroboto

Wifi yangu huongea huku ana pini mdomoni. Ukimzoea unamwelewa vizuri tu, ila mgeni hudhani anatukanwa. Hubana pini nne tano kwenye kona ya midomo, akakuzungusha huku na huku kama mwanasesere, na kwa kona ya pili akakuuliza umekula nini hadi kiuno kimepotea. Wateja wanamwita Fundi. Hata kaka yangu aliyemwoa humwita Fundi, na akikasirika humwita Mheshimiwa Fundi.

Niseme mapema kwamba mimi na yeye ni mawifi, na mawifi hawana kawaida ya kusifiana. Alipoolewa nilisema ana maringo. Yeye akasema nina mdomo. Sote wawili tulisema kweli, na tumeishi vizuri tangu hapo.

Anashonea katika chumba cha mbele cha nyumba yao, chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya duka. Kina dirisha pana linalotazama barabarani na sakafu ya mbao za siku nyingi, zilizoachana kiasi cha kumeza kifungo cha koti. Cherehani yake ni ile nyeusi ya miguu, nzito, inayotikisa sakafu nzima akikolea. Anayo na nyingine ya umeme aliyonunuliwa na mumewe. Hiyo ilikuwa imefunikwa kitambaa cha maua na kazi yake ilikuwa kuwekewa kikombe cha chai.

"Ile inakwenda yenyewe," husema. "Mimi nataka inayokwenda ninapokwenda."

Kitu kimoja wifi alikuwa hawezi, nacho ni kutupa kitambaa. Kipande cha ukubwa wa kiganja kwake kilikuwa mfuko wa shati. Kidogo kuliko hicho kilikuwa kiraka, na kilichobaki kilikuwa cha kujazia mto ambao haukushonwa kamwe. Chini ya meza ya kukatia kulikuwa na magunia ya mabaki yaliyojaa pomoni, laini, yenye joto. Humo ndimo alimolala Bwana Afya.

Bwana Afya ni paka wa baba yangu. Baba aliendesha malori maisha yake yote, na paka huyo alimwokota kwenye kituo cha mizigo, akaja naye nyumbani amekaa kiti cha abiria. Jina alipata kwa sababu hakuna sufuria iliyoingia jikoni asiikague. Hunusa, hutazama ndani, kisha huondoka na uso wa mtu asiyeridhika. Baba alipopigwa na kiharusi, upande wake wa kushoto ukalala na haukuamka sawasawa, na kukaa peke yake kukawa hakuwezekani. Mimi ninakaa ghorofa ya tatu, kwa ngazi ambazo hata mzima huzipanda ameshika kiuno. Kabla mtu hajamwuliza, wifi alisema, "Baba atakaa kwetu. Chumba cha nyuma hakina ngazi." Wakaja wawili, Baba na fimbo yake, Bwana Afya na kiburi chake.

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi hata alipokuwa na nguvu. Baada ya ugonjwa ulimi ulirudi, lakini mazungumzo yote alimpa paka. Asubuhi alimweleza alivyolala, mguu unavyouma, na kwamba chai ya leo haina tangawizi. Ukitaka kujua hali ya Baba, ulisimama mlangoni ukasikiliza anavyomwambia paka. Wifi alifanya hivyo kila siku, na tangawizi ikaongezwa bila mtu kuomba.

Viroboto walianza kama uvumi. Wifi aliona alama nyekundu kwenye kifundo cha mguu, akasema ni mbu. Kaka akauliza ni mbu gani hao wanaouma kwa mstari kama wamepiga foleni. Kisha akaja mteja, muuguzi mmoja, kujaribu gauni la kusindikizia harusi ya mdogo wake. Alipanda juu ya kigoda, akapimwa pindo, akainama kujikuna, na akaona kitu kinaruka kutoka kwenye soksi yake hadi kwenye satini nyeupe. Hakupiga kelele. Alishuka polepole, akasema, "Fundi, una viroboto," kwa sauti ile ile wanayotumia kukuambia una homa.

Kelele walipiga wengine. Haikupita wiki mtaa mzima ukawa umepata methali yake: kikulacho ki nguoni mwako. Waliisema wakicheka, na wifi alicheka nao, lakini vitambaa vilivyokuwa vikisubiri zamu vilianza kurudishwa kwa wenyewe kimoja kimoja. "Nitakuletea tena, Fundi, kuna safari kidogo." Na msimu wa sare za shule ulikuwa unakaribia, ule unaobeba mwaka wake mzima.

Ushauri tulipata wa kumwaga. Jirani alileta mafuta ya taa. Mimi nilisema paka apakwe limau na kitunguu saumu, nilikuwa nimesikia mahali. Kaka alileta dawa ya kupuliza. Akapuliza mara moja tu, Baba akakohoa mpaka midomo ikabadilika rangi, na dawa yenyewe ikaacha madoa kwenye nguo ya mtu. Wifi alilichukua lile kopo akalitoa nje na kusema halirudi ndani. Akaamua kumwosha paka kwa sabuni. Alitoka bafuni na mikwaruzo hadi kiwiko, paka akatoka na heshima yake imelowa, na baada ya siku mbili viroboto walikuwa wale wale.

Ndipo kaka yangu akatoa amri. Si mtu mbaya, kaka. Ni msimamizi wa ghala, na mtu wa ghala huamini kila tatizo lina mlango wa kutokea.

"Paka aondoke," alisema mezani, Baba akiwa pale pale. "Sina ugomvi naye. Lakini mke wangu anapoteza wateja."

Baba alitazama sahani yake. "Ataondoka lini?"

"Kesho. Huyu atamchukua." Huyu ni mimi, ambaye hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Atamchukua kwa nini? Namaanisha atambeba kwenye nini?"

Nikasema kikapu, kile chenye mfuniko. Baba akaitikia kwa kichwa, kama dereva aliyeuliza hali ya barabara akajibiwa. Sikuelewa kwa nini alitaka kujua. Kesho yake alikaa kwenye kiti chake akinitazama ninavyofunga kamba. "Kaza upande huo," alisema.

Kwangu nilimchana. Ninafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, na jioni nikirudi nilimweka Bwana Afya mapajani juu ya taulo jeupe, nikampitisha kitana cha meno membamba, kile cha chawa. Nilianza shingoni na chini ya kidevu, nikamalizia penye shina la mkia, maana huko ndiko wanakopenda kukaa. Kila aliyenaswa nilimzamisha kwenye bakuli la maji ya sabuni. Maji matupu hayamfanyi kitu, kwa sababu huelea juu yake akangoja nafasi ya kuruka. Sabuni ndiyo inayomshusha. Taulo nililichemsha na kulianika. Siku za mwanzo paka alininunia na bakuli likajaa vidoa. Baadaye kitana kikawa kinatoka kitupu, na yeye mwenyewe akawa analeta kidevu.

Kule kwao, kaka alifunga chumba cha mbele. "Wakikosa cha kula watakufa," alisema. Wifi akahamishia kazi za mkono chumbani kwake, kupiga pindo na kubandika vifungo. Baba akaacha kutoka chumbani. Sahani ilirudi nusu, halafu ikawa inarudi kama ilivyokwenda.

"Wifi, Baba hali," alinipigia simu.

"Anasemaje?"

"Anasema ahsante."

Siku walipofungua chumba, kilikuwa kimya kabisa. Wifi alitembea hadi kwenye cherehani, hakuumwa na hata mmoja. Akakaa, akatunga uzi, akaanza kukanyaga. Hajamaliza hata mkono mmoja wa shati, miguu yote miwili ikawa inawaka moto. Alipotazama chini, soksi zake zilikuwa kama zimenyunyiziwa pilipili manga.

Akanipigia tena, na safari hii hakuwa na pini mdomoni. "Wifi, paka hayupo, na wameongezeka."

Aliyetufumbua macho ni daktari wa mifugo, mteja wake wa siku nyingi, aliyekuja kuchukua koti lake la kazi lililotiwa zipu mpya. Viroboto hawakumtisha hata kidogo. Alivuta kigoda akakaa, na wifi akamweleza yote, pamoja na mafuta ya taa ya jirani na kitunguu saumu changu.

"Chochote unachompaka paka, jua umemlisha, maana atajilamba," daktari alisema. "Mafuta ya taa, limau, kitunguu saumu, vyote vinamdhuru. Halafu tatizo lenyewe haliko kwake. Paka ni basi tu, Fundi. Hawa wanapanda na kushuka, lakini nyumbani kwao ni huku chini. Mayai yanadondoka, yanaingia kwenye nyufa na kwenye vitambaa. Mtoto akikua anajifungia kwenye kifuko, na humo anaweza kukaa miezi. Njaa haimtoi. Dawa nyingi hazimfikii."

"Sasa anangoja nini?"

"Anangoja mnyama apite. Akihisi joto, akihisi sakafu inatikisika, anatoka amefunga mkanda."

Wifi alitazama pedeli ya cherehani yake, akatazama mbao, akatazama nyufa.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayewaita."

"Kila unaposhona," daktari alisema, akavaa koti lake na kuisifu zipu.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda kusaidia kufua. Kila kilichokuwa nguo ndani ya nyumba ile kilitoka: mapazia, mito, mashuka, hata kitambaa cha maua cha cherehani ya umeme. Tulichemsha maji kwenye pipa uani na kukoroga kwa mpini wa ufagio. Kisha tukamwaga yale magunia juani. Chini kabisa kulikuwa na chembe nyeusi kama masizi. Wifi alizilowesha kwenye karatasi nyeupe zikawa nyekundu. Ilikuwa damu, yetu na ya paka. Vipande vinavyostahimili maji ya moto alivitenga, vilivyobaki tukavichoma, na yeye akausimamia moto kama mfiwa.

"Kile kilikuwa kipande cha gauni langu la kuposwa," alisema.

"Wifi, ulikuwa unawatandikia viroboto godoro."

Alicheka huku anajifuta macho, akasingizia moshi. Kisha akaenda chumbani kwa Baba kuchukua mashuka, na hakurudi haraka.

Nyuma ya mlango alikuta mkoba wa safari wa Baba, ule wa enzi za malori. Aliunyanyua ausogeze, ukawa mzito. Alipoufungua, nguo zote za Baba zilikuwamo, zimekunjwa kwa mkono mmoja, vibaya. Juu yake kulikuwa na brashi ya kunyolea, dawa zake na koti la baridi. Kabati lilikuwa tupu.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Sijaambiwa bado."

"Nani akuambie?"

Baba alitazama dirishani. "Mama, mimi nimebeba mizigo ya watu miaka mingi. Mzigo ukifungwa mapema, safari haichelewi. Paka kaleta taabu, kaondoka. Mimi namwaga chai, nakohoa, nawaamsha. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimekaa sana, na jembe siliwezi. Sikulaumu, wala simlaumu mwanangu. Nilitaka tu kujua kama yangu itakuwa kikapu au gari."

Haya alinisimulia wifi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mashati ya Baba mapajani, analia waziwazi na hakusingizia moshi tena. "Tangu siku ile ya paka, wifi! Namletea chai, napita mbele ya huo mkoba, naweka kikombe, natoka." Mimi nilishikwa na hasira. Nilimkasirikia kaka kwa amri yake, nikakikasirikia kikapu changu, na zile ngazi za kwangu nikazilaani moja moja. Baba yangu alikuwa amekaa kwenye kiti akisubiri kupakiwa, na sote tulidhani ana usingizi.

Wifi alifua zile nguo kwa mkono, peke yake. Jioni alimweleza mumewe. Kaka hakumaliza hata kusikiliza. Alichukua funguo, akaenda chumbani kwa Baba akiwa bado na viatu vya ghalani.

"Baba, naenda kukuletea paka wako. Sasa hivi."

"Viroboto wameisha?"

"Bado, lakini..."

"Basi usimlete." Baba hakupandisha sauti. "Ukimleta leo atajaa tena, wateja wa mkeo watakimbia tena, na wewe utamwondoa mara ya pili. Mara moja inatosha, mwanangu."

Kaka alisimama pale na funguo mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mlango wa kutokea.

Asubuhi iliyofuata wifi alikwenda kwa Baba mapema, na pini zake mdomoni, akampa fimbo. "Baba, njoo huku mbele. Jembe limepatikana."

Alikuwa amekwangua nyufa zote kwa kisu kikuukuu, akazisugua kwa brashi na kuzimwagia maji yaliyochemka, na vumbi lote akalilowesha kwa sabuni kabla ya kulitupa. Lakini waliojifungia kwenye vifuko walikuwa bado wamelala ndani ya mbao. Alichomoa sindano kwenye cherehani, akatoa na uzi. Sakafuni, kuzunguka pedeli, alitandaza mataulo meupe yaliyoloweshwa maji ya sabuni, na huku na huku sahani pana za maji yale yale.

"Mguu wa kulia ukoje, Baba?"

"Huo ndio uliobaki."

"Ulikuwa wa nini kwenye lori?"

"Mafuta na breki. Wa kushoto ulikuwa wa klachi."

"Klachi hatuhitaji," wifi alisema, akamvika soksi nyeupe za shule, ndefu, hadi magotini juu ya suruali. "Mimi nitazungusha gurudumu kuwasha, wewe shika mwendo. Watikise hao mpaka watoke wote. Wakiisha, Bwana Afya anarudi, na hakuna mtu atakayemwondoa."

Baba alikanyaga. Mwanzoni gurudumu lilirudi nyuma, likakwama, likawashwa tena. Kisha mguu ukakumbuka kazi yake. Sakafu ikaanza kutetemeka, na haukupita muda viroboto wakaanza kuchomoka kwenye nyufa, wakirukia joto la mguu na kuangukia kwenye taulo lenye sabuni. Wifi alikuwa amepiga magoti anawaokota kwa vidole vilivyolowa na kuwatia kwenye sahani.

"Punguza mwendo, Baba, tuko mjini!"

"Mjini wapi? Huu ni mteremko."

Ikawa ndiyo kazi yake, asubuhi baada ya chai na tena mchana. Wifi alihamia kwenye cherehani ya umeme, mezani jikoni, akishona kazi chache zilizobaki na kuitukana kwa kwenda yenyewe. Kila Baba alipopumzika, wifi alikuja kukagua mataulo. Wapita njia walisimama dirishani wakamwona mzee amevaa soksi za shule anaendesha cherehani isiyo na kitambaa.

"Mzee, unashona nini?" mmoja aliuliza.

"Hewa," Baba alijibu. "Njoo kesho upimwe."

Na alikula. Alisema dereva hatoki na tumbo tupu, akaomba tangawizi kwa mdomo wake mwenyewe.

Kaka alianza kuwahi kurudi kutoka ghalani. Alikunja suruali, akavaa soksi nyeupe, akakaa sakafuni karibu na mguu wa baba yake kama chambo. Nilikuwepo siku aliposema, huku anatazama vidole vyake, "Baba, sikufikiria. Ule mkoba, sikuwahi kufikiria."

"Najua," Baba alisema. "Angalia soksi, kuna mmoja."

Viroboto walipungua, kisha zikapita siku hakuna hata mmoja, na wifi akataka kurudisha sindano. Baba akakataa, akasema wapo wenye usingizi mzito. Alikuwa sahihi, siku chache baadaye likatoka kundi jingine, dogo, na baada ya hilo akakanyaga siku nyingi mataulo yakibaki meupe. Kaka akaja na gundi ya kuzibia mbao akaziba nyufa zote, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa ndani ya sakafu hatukuutaka.

Hakimu alikuwa yule muuguzi. Wifi alimwita mwenyewe, akampandisha juu ya kigoda na soksi zake nyeupe, na Baba akakanyaga kwa nguvu zote, mpaka vikombe vikagongana jikoni. Tulisubiri. Muuguzi aliinama akatazama mguu mmoja, akatazama wa pili, akanyanyua na nyayo.

"Fundi, huna viroboto," alisema kwa sauti ile ile. Kesho yake alileta sare za watoto wake, na watoto wake wana midomo kuliko mimi, basi mtaa ukajua.

Nilimleta Bwana Afya kwenye kikapu kile kile. Nilimchana kwanza, kitana kikatoka kitupu. Baba alikuwa kwenye cherehani, anakanyaga taratibu bila sababu, kwa mazoea. Nilipofungua mfuniko paka alitoka, akanyoosha mgongo, na hakumtazama Baba hata mara moja. Alinusa pedeli na zile nyufa zilizozibwa, akaenda jikoni tukamsikia kwenye sufuria, akarudi.

"Anakagua," Baba alisema.

Magunia hayakuwepo tena. Mabaki sasa hukaa kwenye bati lenye mfuniko, na paka alipangiwa kitanda kimoja tu, chenye kuoshwa kwa maji ya moto na kuanikwa kila wiki. Wifi alikileta wakati huo na kukiweka chini, kando ya kiti cha Baba. Ulikuwa ule mkoba wa safari, umefuliwa, uko wazi, ndani umetandikwa kipande cha blanketi. Bwana Afya aliingia, akazunguka mara mbili, akajikunja.

Baba aliutazama mkoba.

"Huo si wangu?"

"Ni wako, Baba."

"Na nikitaka kusafiri?"

"Mwombe mwenyewe akupishe," wifi alisema kwa kona ya mdomo, pini zote mahali pake, macho kwenye pindo alilokuwa anapiga.

Baba aliinama kutazama ndani. Paka alikuwa ameshafumba macho.

"Basi mwache alale," alisema, akaondoa mguu kwenye pedeli asije akamwamsha.